Kufuatilia Anime ya Fantasia Wiki kwa Wiki: Mwongozo Kamili wa Shabiki

Kuna njia mbili za kutazama anime, yaani katuni za Kijapani. Ya kwanza ni kungoja mfululizo uishe, kisha kuumeza wote kwa siku mbili tatu. Ya pili ni kwenda nao: episodi moja kila wiki, siku ileile inapotoka, mpaka mwisho. Mwongozo huu ni wa njia ya pili, na ni wa anime za fantasia hasa, kwa sababu ndizo zinazomlipa vizuri zaidi mtu mwenye subira. Hadithi ya fantasia inakuja na ulimwengu mzima wa kujifunza: falme, jamii za viumbe, kanuni za uchawi, vita vilivyopiganwa kabla mhusika mkuu hajazaliwa. Ukiibugia kwa mkupuo, mengi ya hayo yanakupita. Ukipewa siku saba kati ya episodi na episodi, unapata muda wa kukumbuka, kubishana, kukisia na kurudia. Kutazama kwenyewe ni dakika 24 tu. Shabiki anajulikana kwa anavyozitumia zile siku saba.

Hatua ya 1: Ujue msimu unavyokwenda

Televisheni za Japani huanzisha anime mpya mara nne kwa mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kila kipindi ni cha miezi mitatu hivi na hutosha episodi 12 au 13. Mfululizo mfupi hukaa kipindi kimoja, mrefu kidogo huchukua viwili mfululizo, yaani episodi 24 na ushei. Upo pia mtindo wa kugawanya: zinatoka episodi kama 12, mfululizo unapumzika miezi mitatu au zaidi, kisha zinakuja nyingine, na zote zinahesabiwa kuwa msimu mmoja.

Tafuta mapema mfululizo wako uko katika kundi gani, kwa maana idadi ya episodi inabadilisha namna ya kuutazama. Hadithi ya episodi 12 ikifika ya sita bila kukuonyesha inaelekea wapi, una haki ya kuwa na wasiwasi. Yenye episodi 28 ikifika hapo bado inajenga msingi, na kuilalamikia ni kuionea. Idadi hiyo utaipata kwenye tovuti rasmi ya mfululizo au kwenye tovuti za orodha kama AniList na MyAnimeList, ambako pia utaona studio inayouchora, na kama hadithi imetoka kwenye manga (vitabu vya katuni vya Kijapani), kwenye riwaya, kwenye mchezo wa kompyuta, au ni mpya kabisa. Wakati mwingine idadi haitangazwi mpaka mfululizo uanze. Isikusumbue, ila andika alama ya kuuliza kando ya jina.

Hatua ya 2: Chagua mmoja, na wa pili ukibidi

Kila msimu unaleta lundo la fantasia, na nyingi zinaanza kwa mtindo mmoja: mtu wa kawaida anazaliwa upya au anaitwa katika ulimwengu mwingine, anapewa kipawa, safari inaanza. Ukishika tano kwa pamoja, ifikapo wiki ya nne huwezi tena kukumbuka chama cha wachawi kilikuwa cha hadithi ipi. Ushauri wangu ni mfululizo mmoja wa fantasia unaoufuatilia kwa moyo wote, na wa pili wa kujiburudisha ukitaka. Aina nyingine, kama vichekesho au michezo, ongeza utakavyo, kwa sababu hazigombanii kumbukumbu ileile.

Usichague kwa picha ya tangazo. Tazama video za utangulizi zilizotolewa na waandaaji wenyewe, halafu angalia nani anaongoza na nani anaandika mswada, maana hao wawili watakuambia mengi kuliko jina la studio. Studio moja huwa na timu kadhaa, na timu iliyokufurahisha mwaka jana huenda sasa iko kwenye kazi nyingine kabisa.

Halafu kuna ile kanuni ya mashabiki ya episodi tatu: tazama tatu, zisipokuvuta achana nao. Kwa fantasia mimi nasema nne. Episodi ya kwanza hutumika kukueleza uko wapi, ya pili kukutanisha wahusika, na mara nyingi ni ya tatu au ya nne ambapo hadithi inaonyesha inajali nini. Frieren: Beyond Journey's End, uliochorwa na studio ya Madhouse, ulianza tarehe 29 Septemba 2023 kwa episodi nne kurushwa usiku mmoja, zikaunganishwa kuwa kipindi cha saa mbili. Aliyetazama ya kwanza peke yake angeona huzuni na kasi ndogo. Aliyefika ya nne alikuwa ameshaelewa kwa nini kasi ni ndogo.

Hatua ya 3: Pata saa sahihi

Hapa ndipo wageni wengi wanapotea. Ratiba za Kijapani huandika saa za usiku wa manane kwa kuendeleza hesabu ya siku iliyotangulia. Ukiona “Ijumaa 25:30”, maana yake ni saa moja na nusu baada ya saa sita usiku wa Ijumaa, yaani 1:30 ya Jumamosi kwa kalenda. Japani iko saa tisa mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa ya kulinganishia, kwa hiyo muda huo ni Ijumaa 16:30 UTC. Toka hapo ongeza au punguza tofauti ya mahali ulipo, uandike kwenye kalenda ya simu kama tukio la kujirudia kila wiki.

Japani haibadilishi saa kwa majira. Kama unaishi katika nchi inayosogeza saa mbele mwezi Machi na kuirudisha nyuma Oktoba au Novemba, episodi yako itahama kwa saa nzima katikati ya msimu ingawa huko inakotoka hakuna kilichobadilika. Ukiwa umeiweka kwenye kalenda kwa saa za Tokyo, simu itajirekebisha yenyewe.

Saa ya televisheni, hata hivyo, si lazima iwe saa yako. Huduma nyingi za mtandaoni zenye leseni, Crunchyroll ikiwemo, huweka episodi ikiwa na manukuu (maandishi ya tafsiri chini ya picha) siku hiyohiyo, wakati mwingine muda mfupi tu baada ya kurushwa Japani. Netflix ina tabia mbili: mifululizo mingine huiweka kila wiki, mingine huiachia yote kwa mara moja baada ya kumalizika. Haki za kuonyesha zinauzwa kwa eneo, ndiyo maana mfululizo uliopo kwa rafiki yako wa nchi nyingine waweza usionekane kwako. Hakikisha hilo kabla msimu haujaanza. Wapo pia wasambazaji wanaoweka episodi kwenye YouTube kihalali kwa nchi fulani, basi pitia na huko. Kama unapenda sauti zilizoingizwa katika lugha nyingine, tarajia zichelewe wiki kadhaa nyuma ya manukuu, na panga wiki yako kwa tarehe hizo, usije ukajikuta katika mazungumzo ya watu walioko mbele yako.

Hatua ya 4: Ziba mianya ya wamwaga mtama

Fanya hili kabla ya episodi ya kwanza, usingoje uumie. Kama hadithi imetoka kwenye manga au riwaya, wapo watu maelfu wanaojua mwisho wake leo hii, na wengi wao hawana nia mbaya. Siri inakufikia kwa bahati mbaya tu.

Mwanya mkubwa kuliko yote ni kisanduku cha kutafutia. Unaona mhusika mpya, unataka kujua jina lake linaandikwaje, unaanza kulitaipu, na kabla hujafika herufi ya tano mapendekezo yanakuletea jina hilo likifuatiwa na “anakufa episodi gani”. Kurasa za ensaiklopidia za mashabiki nazo zina kijisanduku upande wa juu chenye umri, jamii, cheo na hali ya mhusika, hai au marehemu. Mtazamo mmoja unatosha kuharibu miezi mitatu. Ukihitaji jina, nenda kwenye ukurasa wa wahusika wa tovuti rasmi. Huwa ni kwa Kijapani, lakini kitafsiri cha kivinjari kinatosha, na kwa kawaida ukurasa huo hutambulisha wahusika kadiri hadithi inavyosonga.

Mwanya wa pili ni picha za video. Ukitazama klipu moja ya mfululizo kwenye YouTube, kesho ukurasa wako wa mwanzo utajaa picha za matukio ambayo hujayafikia, zimepigwa mishale myekundu na maandishi makubwa. Tazama klipu za namna hiyo katika dirisha la faragha, au zifute kwenye historia yako mara tu ukimaliza. Kwenye X na mitandao mingine, nyamazisha jina la mfululizo, ufupisho wake, alama yake ya reli, na majina ya wahusika wawili watatu wakuu. Weka pia jina la mfululizo kwa maandishi ya Kijapani. Mashabiki wa Japani wanatazama kabla yako, na picha zao hazihitaji tafsiri.

Mwanya wa tatu ni mfululizo wenyewe. Baadhi huweka dondoo za wiki ijayo mwishoni mwa episodi, na tovuti rasmi huweka picha na muhtasari siku chache kabla. Hili kila mtu aamue kivyake. Mimi dondoo naziruka, ila muhtasari rasmi huusoma baada ya episodi kutoka, kwa sababu mara nyingi unataja kwa usahihi majina ya mahali ambayo sikio halikuyashika.

Hatua ya 5: Tunza daftari

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote. Daftari la karatasi au faili kwenye simu, vyote sawa, mradi liwe kwa ajili ya mfululizo mmoja. Ligawe sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni majina. Kila jina jipya liandike kama lilivyo kwenye manukuu, kisha weka alama ya uhusiano: mwanafunzi wa nani, mtumishi wa ufalme upi, adui wa nani. Acha nafasi, kwa sababu tahajia itabadilika. Majina ya fantasia mengi yameandikwa kwa silabi za Kijapani zinazoiga Kijerumani, Kifaransa au lugha ya kubuni, na watafsiri wawili wanaweza kuyarudisha kwa namna mbili. Katika mfululizo wa Attack on Titan mashabiki walimwandika mhusika mmoja kama Levi na kama Rivaille kwa wakati mmoja, na wapo waliodhani ni watu wawili. Ukiona jina “jipya” linalofanana na la zamani, jiulize kwanza kama si mtu yuleyule.

Sehemu ya pili ni mahali na wakati. Chora ramani hata kama huwezi kuchora: duara kwa mji, mstari kwa njia, mshale wa kaskazini. Kila wahusika wanapohama, sogeza kalamu. Hadithi nyingi za safari huficha mambo kwenye umbali, na ramani yako ndiyo itakayokwambia kwamba ule mji uliochomwa moto uko njiani wanakoelekea. Wakati nao una uzito wake. Katika Frieren, maandishi madogo kwenye skrini hukujulisha imepita miaka mingapi tangu kifo cha shujaa Himmel na mko katika eneo gani. Hilo ni msingi wa hadithi unaotajwa mwanzoni kabisa, kwa hiyo sijaharibu kitu. Mtazamaji asiyeyaandika maandishi hayo huona safari moja tu. Anayeyaandika huona miaka ikirundikana wakati sura ya Frieren mwenyewe, ambaye ni elfi, kiumbe aishiye miaka mingi kuliko binadamu, haibadiliki, na kila mara mwenzake wa kibinadamu anapoonekana amerefuka kidogo, ana tarehe ya kulinganisha.

Sehemu ya tatu ni kanuni za uchawi. Usiandike maajabu, andika mipaka: uchawi unagharimu nini, nani hawezi kuutumia, unashindwa na nini, umekatazwa wapi. Kanuni ikitamkwa na mhusika, andika nani aliyeitamka, kwa sababu wahusika hukosea na wengine hudanganya. Weka mstari namna hii: “Ep. 5, mwalimu mzee: uchawi wa kuponya haurudishi kiungo kilichokatwa. (Amesema yeye, hatujaona.)” Yale maneno ya kwenye mabano ndiyo yenye thamani. Hadithi ikija kuivunja kanuni hiyo katika episodi ya 19, utajua kama mwandishi amejisahau au alikuwa amekutegea tangu mwanzo.

Sehemu ya nne ni maswali. Kila episodi toa maswali mawili au matatu, yasizidi, na uyape namba. Swali zuri ni lile linaloweza kujibiwa: “Kwa nini mlinzi wa lango hakumuuliza jina?” ni bora kuliko “Je, huyu ni mbaya?” Ukijibiwa, kata mstari na uandike namba ya episodi iliyojibu. Yasiyokatwa kwa muda mrefu ndiyo ya kuyaangalia, na yatakuja kukufaa sana msimu ukiisha.

Usiandike wakati unatazama mara ya kwanza. Andika mara tu baada ya wimbo wa mwisho, kwa dakika kumi, kabla hujagusa mitandao. Wazo lako la kwanza likichanganyika na la watu elfu moja, hulioni tena.

Hatua ya 6: Tazama mara mbili

Mara ya kwanza ni ya moyo. Zima arifa, tazama moja kwa moja, usisimamishe hata kama jina limekupita. Usiruke wimbo wa mwanzo, walau mara moja kila baada ya episodi chache: nyimbo hizo hudumu kama dakika moja na nusu, na mara nyingine picha zake hubadilishwa kimyakimya mhusika anapojiunga au anapoondoka. Na usifunge mara majina yanapoanza kupanda. Fantasia hupenda kuficha tukio fupi baada ya wimbo wa mwisho, na mara nyingi ndilo linalofungua wiki inayofuata. Mfululizo wa Re:ZERO umejulikana kwa kuacha kabisa wimbo wa mwanzo au wa mwisho katika episodi nyingi ili kupata dakika za hadithi, na ukizoea kuruka kwa kitufe bila kutazama utajikuta umeruka mazungumzo.

Mara ya pili ni ya jicho, na iwe siku mbili au tatu baadaye, katikati ya wiki, daftari likiwa wazi. Sasa simamisha utakavyo. Angalia nani yuko nyuma ya chumba wakati wengine wanazungumza. Angalia mikono. Angalia mwandishi wa mswada na mchoraji wa ubao wa picha walioandikwa kwenye majina ya mwisho, kwa maana katika mfululizo wa televisheni kila episodi huwa na watu wake chini ya mwongozaji mkuu: mmoja huandika mswada, mwingine huchora mpangilio wa kila picha, mwingine huongoza episodi hiyo, na wasimamizi wa uchoraji husahihisha michoro ili nyuso zifanane. Baada ya wiki kadhaa utaanza kutambua mkono. Utasema “hii kamera inayokaa chini chini ni ya yule wa episodi ya tatu”, na majina yatakukubalia. Raha hiyo hakuna muhtasari unaoweza kukupa.

Kuna dhana kwamba wasimamizi wa uchoraji wakiwa wengi sana katika episodi moja, basi kazi ilifanywa kwa haraka. Mara nyingi ni kweli. Lakini episodi kubwa ya vita nayo hukusanya watu wengi kwa sababu imekusudiwa iwe kubwa, kwa hiyo tazama picha kwanza ndipo uhesabu majina. Na episodi ikiwa dhaifu, usiende kumtukana mchoraji kwenye akaunti yake. Wachoraji wengi hulipwa kwa mchoro au kwa mkato wa picha, na ratiba hawaipangi wao. Baadhi ya picha hurekebishwa baadaye kwa ajili ya diski, kwa hiyo uliyoyaona usiku wa kwanza huenda siyo yatakayobaki.

Hatua ya 7: Pata watu wa kubishana nao

Kundi la watu watano linatosha na linashinda la watu elfu tano. Liwe la WhatsApp, Telegram au Discord, haijalishi, ila sheria ziwekwe siku ya kwanza na ziandikwe juu ya kundi. Zinazofanya kazi ni hizi: hakuna kuzungumzia episodi mpya mpaka saa 24 zipite, au mpaka kila mmoja aseme ametazama, kila ujumbe uanze na namba ya episodi kabla ya kitu kingine chochote, picha zifichwe, na anayeijua manga au riwaya hathibitishi wala hakanushi kisio la mtu.

Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Msomaji wa kitabu akiandika tu “subirini muone”, ameshamwaga mtama. Akinyamaza ghafla wakati wote wanabishana kuhusu mhusika mmoja, hapo pia ameshasema kitu. Suluhisho ninaloliamini ni kuwatengea wasomaji chumba chao pembeni, na wakija huku waje kuzungumzia uigizaji wa sauti, muziki na uchoraji. Wana mengi ya kuchangia huko, kwani wao ndio wanaojua jambo gani limeongezwa na timu ya anime.

Kisieni kwa maandishi. Kabla ya kila episodi mtu aandike sentensi moja: “Nadhani ramani ile ni ya uongo, kwa sababu hii.” Sababu ni lazima, na itoke kwenye episodi zilizokwisha kutoka. Kisio lenye sababu hata likianguka linakuwa limewafundisha wote kuitazama hadithi kwa makini, na likisimama mwenyewe ana haki ya kutamba wiki nzima.

Hatua ya 8: Wiki ambazo hakuna episodi

Zitakuja. Mwisho wa Desemba na mwanzo wa Januari, vituo vya Japani hujaa vipindi maalumu na anime nyingi husimama: Frieren ilirusha episodi tarehe 22 Desemba 2023, kisha ikarudi 5 Januari 2024. Mashindano ya michezo na habari za dharura nazo husogeza ratiba. Wakati mwingine sababu ni nzito. Baada ya tetemeko la ardhi na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, episodi mbili za mwisho za Puella Magi Madoka Magica ziliahirishwa, zikarushwa pamoja mwishoni mwa Aprili. Mwaka 2020, janga la Uviko-19 liliusukuma msimu wa pili wa Re:ZERO kutoka Aprili hadi Julai.

Tangazo la kuahirisha hutoka kwenye akaunti rasmi ya mfululizo, basi ifuate hiyo hata kama umenyamazisha mengine yote. Ukiona episodi yenye namba kama 7.5, huo kwa kawaida ni muhtasari wa zilizopita. Nyingi unaweza kuziruka, lakini tupia jicho dakika ya kwanza na ya mwisho, kwa sababu mara chache huwekwa tukio jipya. Wiki tupu ni ya daftari: pitia maswali yasiyokatwa, sahihisha majina, chora ramani upya.

Na kama wewe ndiye uliyekosa wiki mbili tatu, usisome muhtasari ili uwahi wenzako. Toka kwenye kundi kwa muda, tazama moja kwa siku, andika kama kawaida, kisha rudi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Hatua ya 9: Kitabu cha asili, kwa wakati wake

Kishawishi kikali huja episodi ya tano au ya sita, hadithi inapokatika pabaya na unajua fika kwamba jibu liko kwenye juzuu ya tatu. Jizuie mpaka msimu uishe. Ukishajua, kazi ya kukisia imekwisha, na kila episodi inageuka kuwa ukaguzi wa nini kimekatwa.

Msimu ukiisha, soma, na uanze juzuu ya kwanza. Wengi huuliza “anime imeishia sura ya ngapi?” na kuendelea kutoka hapo. Kwa manga utapona, ingawa mpangilio wa matukio huenda umebadilishwa. Kwa riwaya utaumia, kwa sababu sauti ya msimulizi, yale mawazo ya mhusika yanayojaza kurasa, ndiyo ya kwanza kukatwa inapogeuzwa kuwa picha. Utajikuta unafuata mtu ambaye kichwa chake hujawahi kukiona.

Hatua ya 10: Baada ya episodi ya mwisho

Siku ya mwisho kaa mpaka skrini iwe nyeusi, kwa sababu tangazo la msimu ujao mara nyingi hutolewa hapohapo au kwenye akaunti rasmi dakika chache baadaye. Lisipotolewa, usikate tamaa wala usiamini uvumi. Uamuzi ni wa kamati ya kampuni zilizochanga fedha, mchapishaji na kituo cha televisheni mara nyingi wakiwemo, na unaweza kuchukua miezi mingi. Frieren ilimaliza episodi yake ya 28 tarehe 22 Machi 2024, na msimu wa pili ukaanza Januari 2026.

Kwa hiyo liandae daftari kwa ajili ya mtu atakayekuwa amesahau, yaani wewe wa baada ya miaka miwili. Siku hiyohiyo ya mwisho, andika ukurasa mmoja: kila mhusika yuko wapi, ana nini mkononi, anamdai nani. Chini yake nakili maswali yote ambayo hayajakatwa, na namba za episodi yalikozaliwa. Msimu mpya ukitangazwa, huna haja ya kurudia episodi zote. Soma ukurasa huo, kisha tazama tena tatu: ya kwanza, ile yenye maswali mengi yasiyojibiwa, na ya mwisho. Fanya hivyo katika wiki ya mwisho kabla ya kuanza, mapema zaidi utasahau tena, na ukimaliza nyamazisha upya yale maneno ya hatua ya nne, kwani katika miaka hiyo miwili waliosoma vitabu wameongezeka.